Hewa Iliyopotea kwa Mama Barafu

Jumamosi hiyo Mwalimu Desimali hata salamu aliitoa nusu. Aliinama juu ya meza ndefu ya klabu ya kulenga shabaha, akailaza bunduki ya upepo ubavu, akaisoma geji iliyo kwenye ncha ya mtungi, kisha akaandika kwenye daftari lake dogo la miraba. Akalifunga. Akalifungua tena, kana kwamba tarakimu zingeona haya na kujibadilisha.

"Mia moja sitini na moja," alisema. "Wifi, tuliijaza mia mbili."

Mama Barafu, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, alicheka. "Basi imeshikwa na njaa njiani."

"Kwako ndiko inakoshikwa na njaa. Kwangu inakaa wiki nzima na shibe yake."

Hawa walikuwa mawifi kwelikweli, si wale wa kuitana tu: Mwalimu Desimali alikuwa dada wa mume wa Mama Barafu, tumbo moja. Alifundisha hesabu, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi baada ya kumnyima mtoto robo ya alama na kumweleza kwa dakika ishirini kwa nini. Mama Barafu yeye alikuwa fundi wa friji. Tangu ana miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutafuta mahali gesi inapotorokea, na mjini watu walisema huyo mama akipita karibu na tairi, tairi hujijua kama lina pancha.

Bunduki waliinunua pamoja, ya mkono wa pili, ya mashindano. Haikutumia baruti. Chini ya mtutu ulilala mtungi mwembamba ulioshindiliwa hewa kwa pampu ya mkono. Ukifyatua, vali ilifunguka kufumba na kufumbua, na hewa kidogo ikasukuma kirisasi kisichozidi punje ya dengu. Hewa ikipungua mno, kirisasi kilishuka, na alama zikashuka nacho. Kila Jumamosi walipiga, wakaujaza mtungi hadi mia mbili, na mmoja wao akaenda na bunduki nyumbani kwa wiki moja, kwa zamu. Nyumbani ruhusa ilikuwa kuishika, kuilenga na kufunza mkono utulie. Kufyatua kirisasi, hapana. Hiyo ilikuwa sheria ya klabu, na Kocha alikuwa amewahi kumfukuza mwanachama kwa kuivunja.

"Mara tatu umekaa nayo," Mwalimu aliendelea, kidole kikiwa kwenye daftari. "Ya kwanza imepungua thelathini na nane. Ya pili hamsini na moja. Hii ya tatu thelathini na tisa. Kwangu mara tatu, haijazidi mbili. Mimi sisemi kitu, wifi. Lakini hewa haina miguu."

Kocha, aliyekuwa akibandika karatasi za shabaha ukutani, aligeuka. "Kuna mtu anapiga nyumbani?"

Mama Barafu alihisi masikio yakipata moto. Alitaka kufoka, akashindwa, kwa sababu ukweli ni kwamba alikuwa amepiga. Ile wiki ya pili, siku moja mchana, alikuwa amefunga mlango wa stoo yake ya mawe, akaweka boksi lililoshindiliwa matambara mbele ya ukuta, akapiga virisasi kumi na viwili. Kumi na viwili tu, siku hiyo moja tu. Lakini bunduki ile ilikula alama moja ya geji kwa kila kirisasi. Hesabu hiyo aliijua hata bila kwenda darasani kwa wifi yake. Hizo nyingine zote zilikwenda wapi?

Na hapo, katikati ya aibu na hasira, udadisi ukamshika shati. Alijikaza kisabuni akasema, "Hii bunduki inavuja."

"Inavuja kwako tu?" aliuliza Mwalimu. "Inachagua nyumba?"

"Nipe wiki moja ya ziada, na pampu. Nitakuonyesha inapovujia."

Kocha alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Wiki moja," alisema. "Baada ya hapo nitauliza tena, na nitataka kujibiwa."

Jumatatu saa nne jua likiwa limewaka, Mama Barafu alitoa meza uani. Alihakikisha hakuna kirisasi mtutuni, akaelekeza mdomo wa bunduki ukutani, akaijaza mia mbili kamili. Kisha akakoroga sabuni ya maji kwenye kikombe hadi ikawa nzito, akachukua brashi yake ya kazi, akaipaka kila mahali ambapo kipande kinakutana na kipande: kwenye tundu la kujazia, shingo ya mtungi, mzunguko wa geji. Penye uvujaji povu huvimba, hata uvujaji uwe mdogo namna gani. Alisubiri. Povu likakauka likiwa limelala vilevile.

"Haya," alijisemea. "Labda unatokea ndani."

Kama vali ingekuwa haifungi sawasawa, hewa ingetambaa hadi mtutuni na kutokea mdomoni. Alichukua puto, akalivisha mdomo wa mtutu, akalifunga kwa uzi. Alipika, akala, akarekebisha pasi ya jirani. Puto lilibaki limenywea kama soksi ya mzee.

Mumewe, mpishi wa hospitali, alirudi kutoka zamu ya asubuhi akalikuta. "Tuna sherehe?"

"Natafuta hewa ya dada yako."

"Dada yangu hajawahi kupungukiwa na hewa. Muulize mtu yeyote aliyewahi kubishana naye."

Mama Barafu hakucheka. Maneno ya mafundi wenzake yalikuwa yakimzunguka kichwani: mganga hajigangi. Miaka ishirini na tatu anatafuta uvujaji wa watu, na wa kwake haujui! Alifungua mtungi kutoka kwenye bunduki. Mtungi huo ulikuwa na vali yake mwenyewe, hivyo ulitoka na hewa yake yote ndani. Akautumbukiza wote kwenye ndoo ya maji yaliyokuwa uani tangu asubuhi, vuguvugu kwa jua. Akavuta kigoda, akaketi akikodoa macho kama paka kwenye tundu la panya. Nusu saa. Hata kiputo kimoja cha kumdanganya hakikupanda.

Mara mteja akaingia getini na friji juu ya mkokoteni, akilalamika kwamba nyama yote imeharibika. Mama Barafu hakupenda kuacha mtungi wenye mgandamizo mkubwa vile mahali pa wazi. Aliibeba ndoo kama ilivyo, akaiingiza stooni, akafunga kwa kufuli, akaenda kusikiliza habari za nyama.

Kesho yake, kabla hata ya chai, alifungua stoo kwenda kuchukua spana. Stoo hiyo ilijengwa zamani kwa ajili ya kuhifadhia viazi, nusu yake ikiwa chini ya ardhi, kuta za mawe, dirisha hakuna. Msimu huo wa baridi, ukiingia humo asubuhi ulitamani makoti mawili. Aliwasha taa, akapita karibu na ndoo, akasimama.

Kutoka pale geji inapoungana na mtungi palikuwa pakipanda kiputo. Kidogo mno, kama mbegu ya mchicha. Kikapanda, kikafika juu, kikapasuka bila sauti. Alihesabu moyoni. Alipofika tisa, kingine kikajitokeza mahali palepale, kikaning'inia kidogo kama mtu anayesita mlangoni, kikapanda.

"Nimekupata," alinong'ona. "Leo nimekupata, mjukuu wa shetani."

Alibeba ndoo hadi uani ili aone vizuri, akaiweka juani. Akamwita mumewe, aliyetoka na mswaki mdomoni. Yeye mwenyewe, kwa kuwa macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kumtupa, akaingia ndani kutafuta miwani. Miwani, kama kawaida yake, haikuwa ilipokuwa. Hatimaye aliipata ndani ya kikapu cha vitunguu. Aliporudi, jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la jirani, na mumewe alikuwa ameinama juu ya ndoo kwa adabu.

"Unaona?"

"Naona."

"Unaona nini?"

"Maji."

Alimsukuma akaangalia mwenyewe. Hakuna kitu. Alihesabu hadi tisa, hadi tisini. Maji yalikuwa yametulia, yakimwonyesha uso wake mwenyewe wenye miwani iliyopinda.

"Kilikuwepo," alisema. "Hapa. Kwenye geji. Kila nikihesabu tisa."

"Mke wangu, mimi nakuamini. Ila usimwambie dada yangu hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Mumewe alipoondoka kwenda kazini, Mama Barafu aliendelea kuketi. Chai ilipoa. Jana uani, hapana. Leo stooni, ndiyo. Leo uani, hapana. Mtungi ni uleule, maji ni yaleyale. Alitia mkono ndani ya ndoo, bila kutafuta chochote, ndipo mkono wake ukamjibu. Maji yaliyokuwa yakimuuma vidole alipoyabeba yalikuwa sasa hayaumi.

Aliinuka haraka hadi kigoda kikaanguka. Friji ya yule mteja wa nyama ilikuwa imeshapona tangu jana jioni na ilikuwa inaunguruma kwenye kona kwa majaribio. Alikomba barafu yote, akaimimina ndooni, akapiga magoti. Dakika moja, mbili, tano. Vidole alivyoshikia ukingo viliingia ganzi. Kisha kiputo cha kwanza kikatokea kwenye shingo ya geji, na cha pili, na safari hii hakusubiri tisa. Vilikuja kila akihesabu tano.

Alicheka peke yake kwa sauti, hadi mbuzi wa jirani akainua kichwa.

Mwalimu Desimali alifika alasiri moja kwa moja kutoka shuleni, chaki bado kwenye kiwiko. Aliinama juu ya vile viputo, akavihesabu kwa kidole. Mama Barafu akaongeza maji ya moto kutoka kwenye birika, kidogo kidogo. Viputo vikachelewa, vikasita, vikakoma. Akaongeza barafu. Vikarudi.

"Rudia," alisema Mwalimu.

Alirudia.

"Rudia tena." Na safari hii Mwalimu mwenyewe alikuwa amepiga magoti, sketi yake nzuri ya kazini ikilowa ukingoni. "Kwa hiyo kwangu..."

"Kwako unaiweka wapi?"

"Chumba cha juu, kabatini, chini kidogo ya bati. Kule ni tanuri mchana, na hata usiku kabati linabaki na joto lake."

"Basi. Kuna oringi humo, mpira mdogo wa duara, ndio unaoziba kati ya geji na mtungi. Ukizeeka unakuwa mgumu. Kwenye joto unalainika kidogo na kukaa vizuri. Kwenye baridi unasinyaa, unaachia upenyo wa unywele. Kwako umelala usingizi. Kwangu kila alfajiri unaamka na kufungua mlango."

Mwalimu aliketi kwenye sakafu ya saruji, akatoa daftari. Mtu mwingine angeomba radhi kwanza. Yeye aliandika kwanza. "Subiri. Kuna jambo lingine, na hili si kosa la mpira. Hewa yenyewe ikipoa, mgandamizo unapungua. Tunajaza klabuni mchana wa joto, halafu wewe unaitoa kwenye pango lako asubuhi na kuja nayo bado ya baridi, mimi nasoma palepale. Hapo tu ni kama kumi zinapungua, na hakuna hata chembe ya hewa iliyotoka." Alipiga mstari. "Kwa hiyo thelathini na nane: kumi ni baridi, ishirini na nane ni uvujaji. Thelathini na tisa: kumi na ishirini na tisa. Inakubaliana. Inapendeza." Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeletewa zawadi. "Wifi, nimekukosea. Nilikusema mbele ya watu."

"Yameisha."

"Hayajaisha, nitamwambia Kocha mbele ya watu walewale." Kisha kalamu yake ikasimama. "Ila wiki ya pili. Hamsini na moja. Toa kumi, toa ishirini na nane na nusu..." Alikunja uso. "Kuna kumi na mbili na nusu zimebaki. Wiki hiyo ilikuwa na baridi zaidi?"

Mama Barafu angeweza kusema ndiyo. Neno fupi, na wifi yake angelimeza, kwa sababu sasa alikuwa na haya na alitaka kuamini. Alitazama ndoo. Barafu ilikuwa ikiyeyuka na kugongana taratibu. Alikuwa ametumia siku mbili kuifuata hewa hatua kwa hatua mpaka ikasema ukweli wake, na sasa aje yeye aharibu hesabu?

"Hiyo nusu ni ya kwako," alisema. "Kumi na mbili ni zangu. Nilipiga."

Mwalimu aliinua macho.

"Stooni, siku moja. Kwenye boksi la matambara. Hizi nyingine sikugusa, na ndiyo maana nilikasirika. Nilijua ninachodaiwa na nilijua nisichodaiwa. Lakini nilipiga."

"Kwa nini?"

Mama Barafu alipangusa mikono kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa mikavu. "Kwa sababu klabuni unasimama nyuma yangu."

"Nasimama kukusaidia."

"Unahesabu, wifi. Kila nikipiga nasikia unavuta pumzi. Ikiwa tisa unavuta fupi, ikiwa saba unavuta ndefu. Nilitaka nijue nikiwa peke yangu mkono wangu ukoje."

Mwalimu alizungusha kalamu, akaitazama ncha yake. Mama Barafu alijiandaa kusikia hotuba.

"Na ukoje?" aliuliza Mwalimu.

"Nini?"

"Mkono. Zile kumi na mbili zilikwendaje?"

"Kumi ningeweza kuzifunika kwa kifuniko cha soda."

Mwalimu alivuta pumzi, ndefu, akajisikia mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja. Wote wawili wakaangua kicheko hadi machozi. Lakini alipomaliza kujifuta, alisema kwa sauti yake ya darasani, "Kocha tutamwambia na hilo pia." Mama Barafu akajibu kwamba alijua.

Marekebisho yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko soga. Kwanza Mama Barafu alitoa hewa yote, polepole, hadi geji ikalala sifuri, na hata hapo akasubiri kidogo na kujaribu tena, maana mtungi wenye mgandamizo hauaminiki kwa kutazamwa usoni. Akafungua geji kwa spana. Oringi ilitoka kwa ncha ya kijiti cha mbao, asikwaruze chuma. Ilikuwa imebonyea upande mmoja na ngumu kama ukucha. Alipoikunja, ilionyesha ufa mwembamba.

"Kitu chenyewe ndicho hiki?" alisema Mwalimu, akikiweka kwenye kiganja. "Hiki ndicho kilichotugombanisha?"

"Ungetaka kiwe kikubwa kiasi gani?"

Katika boksi lake lenye vyumba vidogo alikuwa na oringi za kila aina, lakini hakuchukua ile iliyoingia tu. Alipima unene, akachagua ya mpira imara unaostahimili mgandamizo mkubwa. Akaipaka grisi ya silikoni, kiasi cha kung'aa. Mwalimu alipouliza kama mafuta ya kupikia yasingefaa, alitazamwa kwa jicho kali: mafuta ya kawaida na hewa iliyoshindiliwa ni mchanganyiko wa hatari, yanaweza kulipuka ndani. Akafunga geji, akakaza kwa kadiri, wakapokezana pampu, wakipumzika kati ili ipoe. Mia mbili. Ndoo. Barafu. Wakaketi mabega yakigusana na kuhesabu hadi mia tatu, na maji yakabaki maji.

Jumamosi Mwalimu alisema aliyoahidi kusema, mbele ya watu walewale, na Mama Barafu akasema ya kwake. Kocha alisikiliza yote, pamoja na habari za barafu. Hakumfukuza. Mtu anayejileta mwenyewe, alisema, si sawa na aliyefumwa. Lakini sheria ni sheria: Jumamosi nne asipige, na kila jioni ya siku hizo afagie ukumbi na kukusanya risasi zilizobonyea kwenye masanduku ya nyuma ya shabaha.

Jumamosi ya kwanza alikuwa ameinama na beleshi dogo, mgongo ukimlaumu, alipoona viatu vya wifi yake vikija, na ufagio pembeni.

"Hujaadhibiwa wewe," alisema.

"Najua." Mwalimu alianza kufagia pembe iliyokuwa imeshafagiwa. "Wifi, ile oringi ya zamani uliitupa?"

"Ipo. Kwa nini?"

Mwalimu alitazama huku na huku, kisha akatoa mkobani kipimajoto kirefu cha maabara ya shule, kimeviringishwa ndani ya leso. "Nimekiazima hadi Jumatatu. Tunajua inavuja kwenye baridi. Hatujui inaanzia nyuzi ngapi. Sijalala vizuri tangu Jumanne."

Mama Barafu aliweka beleshi chini. "Kwenye bunduki hairudi."

"Sijasema bunduki."

"Nina kipande cha bomba la majaribio, kina mdomo kama ule. Hakibebi mgandamizo wa mtungi, lakini kwa kuona kiputo cha kwanza kinatosha. Barafu ninayo. Birika lipo."

"Mmalize kufagia kwanza," Kocha alipaza sauti kutoka mlangoni. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Na mniambie jibu."

Jibu lilipatikana Jumapili saa tano kasorobo, uani, mpishi wa hospitali akiwa ameshika kipimajoto kwa kuwa mikono ya wengine ilikuwa na kazi. Kiputo cha kwanza kilipanda kwenye nyuzi kumi na saba. Mwalimu alisema mara moja haitoshi, wakarudia. Kikapanda kwenye kumi na saba na nusu. Wakabishana kuhusu hiyo nusu hadi chakula cha mchana kikapoa.